Border Collie wangu anapasua kundi la kondoo, nimfunze vipi?

MfugajiKinangop
Wafugaji wenzangu, hamjambo? Nina mbwa jike wa Border Collie, aina ya mbwa wa kuchungia kondoo, anaitwa Tausi, ana miezi kumi. Kondoo wangu ni 34, Dorper na Corriedale wamechanganyika. Tausi akiwaona tu, anainama, shingo mbele, mkia chini, anawakazia macho bila kubweka. Mpaka hapo najivunia. Ghafla anachomoka, anaingia katikati na kundi lote linatawanyika. Juzi kondoo mwenye mimba alikimbilia seng'enge, akachanika paja. Niliumia sana.

Asipopata kondoo anawazungukia watoto wanaotoka shule mpaka wabanane kwenye kona ya ua, na bodaboda haipiti bila kufukuzwa. Kila asubuhi namtembeza kilomita 5, na tukirudi ndiyo kwanza amepata nguvu. Mzee wangu anasema niuze. Sitaki. Mbwa aliyejifunza mwenyewe kufungua komeo la zizi kwa pua hawezi kunishinda kwa kukosa akili. Nianzie wapi?

Mchungaji_Wales
Pole kwa huyo kondoo. Mimi ni wa Njoro, huu mwaka wa sita nachunga kondoo huku Wales, na mbwa wa namna hiyo nashinda nao kutwa.

Tausi hana kasoro. Wengi wa mbwa hawa nasaba yao inarudi kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa 1893 Northumberland, Uingereza, akasifika kwa kuwaongoza kondoo kimyakimya, kwa macho. Hayo macho ndiyo unayoyaona. Kilomita 5 zinamjenga misuli tu. Kinachomchosha ni kutumia kichwa.

Anza na kusimama. Neno "lala", kamba ya mita kumi, mahali pasipo na kondoo hata mmoja. Alale kabla ya chakula, alale kabla ya lango kufunguliwa. Akishakuwa hodari, mpeleke kwa kondoo watano au sita watulivu, wasio na mimba wala wanakondoo, ndani ya boma la mviringo. Pasiwe na kona: kondoo akibanwa kwenye kona hupata kiwewe, na mbwa hujifunza kuuma. Dakika kumi zinatosha, hata kama mambo yanakwenda vizuri. Hasa yakienda vizuri.

Sasa fikiria saa ya ukutani, kondoo wakiwa katikati. Wewe simama kwenye namba 6, yeye mwenyewe atatafuta 12 ili awalete kwako. Ukisogea kulia kwako kuelekea 5, atakwenda 11. Anapozunguka hivyo ndipo umtajie neno la upande huo. Usimfundishe neno kabla ya mwendo.

Na maneno yachague vizuri. Huku husema "come-bye" akizunguka kama mshale wa saa, na "away" akienda kinyume. Nilipojaribu "kulia" na "kushoto" mbwa alichanganyikiwa, maana yote yanaanza na "ku" na kwa mbali anasikia hiyo "ku" tu. Tumia "zunguka" na "pita". Baadaye umfunze mluzi, kwa sababu upepo wa Kinangop utameza sauti yako.

DaktariMifugo
Nyongeza. Ukiwanywesha kondoo dawa ya minyoo ya ivermectin, usimwache ale kinyesi chao. Baadhi ya mbwa wa jamii ya collie wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa hiyo iwadhuru ubongo. Matumbo mabichi ya kondoo usimpe kabisa, na yeye mwenyewe apewe dawa ya minyoo. Kuhusu bodaboda, tafadhali mfunge au mfungie ndani ya ua. Mwendeshaji anayefukuzwa ana mguu wa kuvunjika, na Tausi ana maisha yake.

Laigwanan_Simanjiro
Mbwa wetu hutembea na mifugo na kubweka fisi akikaribia, hawazungushi kondoo. Usitegemee Tausi akulindie boma usiku. Tafuta mwingine wa kazi hiyo.

MfugajiKinangop
Asanteni sana. Wiki tatu zimepita. Boma nimelitengeneza kwa magunia na nguzo za mkaratusi. Jana jioni kondoo watano walikuwa upande wangu, Tausi upande wa pili, anatetemeka mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani. Nikasema "lala", sauti ya chini. Aliuteremsha ule mguu polepole, kisha kifua, kisha kidevu kikagusa nyasi. Kondoo wakaanza kula. Mzee alikuwa amesimama langoni, akaondoka bila kutaja habari ya kuuza.

Watoto wakitoka shule bado namfunga. Je, kamba niitoe lini?

Mchungaji_Wales
Iache iburute chini kwanza, usiishike. Akilala mara kumi kati ya kumi mbele ya kondoo, si uani, itoe.