Mrejesho: Sakafu ya mninga iliyovimba na zulia lililonuka uvundo

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu sakafu yetu ya mbao za mninga iliyoinuka kingo wakati wa masika, na zulia la juu yake lililokuwa linanuka uvundo. Fundi alitaka kupiga msasa siku ileile. Mkanizuia, mkasema mbao zikipigwa msasa zikiwa na maji, zikija kukauka kingo zitabonyea. Asanteni sana kwa hilo!

Tulitoa zulia, tukafungua madirisha na kuwasha feni mchana kutwa. Kingo zimeshuka zenyewe taratibu. Ukipitisha kiganja sasa unahisi mwinuko pale mlangoni tu, ndoo ya deki ilipokuwa ikikaa. Siku hizi tunafagia kwanza, kisha tunafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi tone.

Zulia tulilifuta kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, baada ya kujaribu kwenye pembe lisije likachuja, tukalianika juani mgongo juu. Harufu imeisha kabisa. Ila mpira wa mgongoni unapukutika na unga wake unang'ang'ania kwenye mbao, kwa hiyo sebuleni halirudi. Nitaweka mkeka wa ukindu.