Filamu ya chuo kuhusu vijana wa mapanga: naombeni ushauri wa sini ya usiku

Njaa_ya_Fremu (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Tuko kundi la chuo hapa Dar, mwaka wa mwisho. Tuna filamu ya dakika 15 kuhusu magenge ya vijana, mambo ya Panya Road. Skripti ina kurasa 16. Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa sini moja ya usiku: vijana 12 wanatoka uchochoroni, wanavamia duka, wanatawanyika. Kamera ni Canon 250D, lenzi tuna ile iliyokuja nayo na 50mm f/1.8. Tukijaribu usiku picha inajaa chenga (vidoti vidoti). ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) niweke ngapi? Tunashuti Jumamosi, presha iko juu. Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Shata
Kwanza toka kwenye 4K kama ndiko uliko. 250D ikiingia 4K inakata fremu vibaya na ile fokasi yake nzuri inazimika. Piga 1080, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50. Umeme wetu ni 50Hz, ukiweka 1/60 taa za LED za dukani zitakuchezea kwenye picha na hakuna kuediti kutakakokuokoa. ISO isivuke 1600. Hiyo 50mm kwenye sensa ndogo inabana kama 80mm, uchochoroni utaambulia masikio ya watu. Azima 24mm f/2.8. Na chenga nyingi hazitoki kwenye ISO, zinatoka kwa mtu kushuti gizani halafu akavuta mwanga kwenye kompyuta.

Tarimbo
Usiku haushutiwi usiku kama huna taa. Shuti magharibi. Hapa Dar jua likishazama una dakika kama 20, giza limeingia. Hizo ni teki tatu, labda nne kama watu wamefanya mazoezi mchana pale pale. White balance (mpangilio wa rangi ya mwanga) weka 3200K, punguza mwanga stop moja na nusu hadi mbili (kila stop inakata mwanga nusu), anga isiingie kwenye fremu hata kidogo. Taa ya dukani iwake, tena balbu ibadilishwe iwe kali kuliko ya kawaida, la sivyo ule mwanga wa mwisho wa jua utaimeza na duka litaonekana limefungwa.

Bi_Skripti
Mimi ISO hainihusu. Nataka kujua kiongozi wa genge anaongea nini. Nakisia ana miwani, ana sigara, na ana hotuba kuhusu umaskini kabla ya kuvamia. Ifuteni. Vijana wa namna ile wanatembea kundi kubwa, wanapiga haraka, wanapora simu na droo ya mauzo, wameondoka. Drama haiko kwenye uvamizi, iko kwenye mgao. Simu nne, watu 12, mmoja ana miaka 15 na hajapewa kitu. Hapo una kurasa tatu bila mtu kukimbia. Kama waigizaji wenyewe wako chini ya miaka 18, wazazi wasaini karatasi kabla hamjagusa kamera.

Mtumishi_K
Kila siku mapanga, bangi, uhalifu. Hivi vijana mmeshindwa kutunga filamu ya kijana anayelima parachichi Njombe?

Chumvi_Kidogo
@Mtumishi_K sehemu ya pili wanaiba hayo maparachichi.

Fundi_Boom
Mleta uzi, mbona maswali ya maana unayakwepa? Moja, mapanga ni ya nini? Mbili, kibali cha Bodi ya Filamu mnacho? Tatu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua?

Njaa_ya_Fremu
Mapanga ni ya kweli ila tumeyapiga tupa, hayana makali. Kibali, hii ni kazi ya darasani tu mkuu, haiendi sinema. Naomba turudi kwenye mwanga.

Fundi_Boom
Swali la tatu.

Njaa_ya_Fremu
Sawa. Mtaa haujui, na mwenye duka hajui. Ni makusudi. Tunataka hofu ya kweli, mwigizaji hawezi kuitoa. Tunaweka kamera tatu kwa kificho, vijana wanatokea, dakika mbili, kisha tunajitambulisha na kumlipa mangi usumbufu. Waigizaji tumeshawalipa nusu. Watu wanafanya prank kila siku mitandaoni na hakuna kinachotokea.

Fundi_Boom
Nilijua tu.

Sikiliza. Hiyo sini yako ina mtu mmoja ambaye hayumo kwenye skripti: wa kwanza kupiga ukelele wa "mwizi". Akishapiga, hakuna atakayesubiri ujitambulishe. Wataanza na yule kijana wa nyuma, mwenye panga mkononi, na ile karatasi ya chuo iko kwenye begi lako upande wa pili wa barabara. Januari 2015 jiji hili lilifunga maduka mapema kwa taharuki ya Panya Road, na sehemu nyingi hapakuwa na panga hata moja, ni uvumi tu. Wewe unawapelekea kumi na mbili.

Panga butu ni chuma bado, likimpata mtu usoni akiwa anakimbia linavunja. Tengeneza la sponji. Chukua mkeka wa mazoezi wa milimita 10, kata vipande viwili kwa umbo la panga, katikati tia ufito mwembamba unaoishia sentimita 5 kabla ya ncha, gandisha. Kabla ya spray ya fedha, paka gundi nyeupe ya mbao mara mbili, kila koti likauke. Ukiruka koti la gundi rangi itapasuka mara ya kwanza panga likikunjika. Panga la kweli liwe moja tu, la klozapu, na anayelishika awe amesimama. Mlio wa chuma rekodi pembeni, sponji hailii.

Kibali: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kushuti. Chuo kiandike barua, peleka na skripti. Kisha mwenyekiti wa mtaa, polisi kata, na vijana wa ulinzi shirikishi. Hao wa mwisho ndio watakaokuwa macho saa hiyo, wengi huwasahau.

Mzee_wa_Shata
Na kama kuna mwigizaji wa kuvaa sare za polisi, hilo nalo linahitaji ruhusa ya polisi wenyewe. Sare bila ruhusa ni kosa.

Chumvi_Kidogo
Jamani mimi naona hii chai, stori ya kutunga, tena ya tangawizi. Soma uzi tena. Mwanzo kamera ni moja, sasa ni tatu na zimefichwa. Duka halijui, mtaa haujui, watu 12, mapanga ya kweli, siku imepangwa, waigizaji "wamelipwa nusu". Toa neno filamu hapo, kinabaki nini? Ama anatutungia, ama tunamsaidia mtu kupanga tukio na kisingizio chake.

Tarimbo
Duh. Nami nimemwambia abadilishe balbu.

Mtumishi_K
Nilisema parachichi.

Bi_Skripti
Mimi nadhani uzi wenyewe ndio skripti. Anapima kama tutaamini.

Njaa_ya_Fremu
Wakuu mnanivunjia heshima. Kamera ni 250D moja na simu mbili. Hii hapa orodha ya shoti za sini hiyo:
14. Pana, uchochoro, tripodi, wanatokea kushoto kwenda kulia.
14A. Klozapu, miguu, ndara moja inakatika.
15. Ndani ya duka, simu juu ya rafu nyuma ya sabuni, mangi anahesabu chenji.
15A. Kama 15, ila kioo cha simu kimefutwa mafuta.
16. Nje, wanatawanyika, kamera haivuki mstari (inabaki upande mmoja wa tukio).

Mzee_wa_Shata
Huyu ni mwanafunzi. Mtu wa chai hawezi kuandika 15A kwa sababu ya mafuta kwenye kioo cha simu, hiyo imemtokea kwenye majaribio. Mpango wake ni wa hovyo, lakini si mwizi.

Chumvi_Kidogo
Nakubali kwa shingo upande. Mangi ahamie duka lingine hadi Jumapili.

Njaa_ya_Fremu
Basi tuseme namwambia mangi. Hofu naipata wapi? Tukimwambia atakodoa macho kwenye kamera.

Bi_Skripti
Mangi wa kweli mkodie duka lake, asiigize. Weka mwigizaji. Mwambie kila kitu kitakachotokea isipokuwa sekunde. Anahesabu chenji, anajua watakuja, hajui lini. Nyuma ya kamera mtu aangushe sinia sakafuni kwa nguvu. Ule mshtuko wa bega na sarafu kumwagika ndio unaoutaka, na unapatikana teki ya kwanza, ya pili kwa shida. Kwa hiyo shoti ya 15 ianze, klozapu zifuate.

Fundi_Boom
Neno "mwizi" lisitamkwe eneo la kazi, hata kwa utani, hata kwenye mazoezi. Wanaokimbiza wafungue midomo tu. Kelele mtarekodi siku nyingine ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi, watu sita mara tatu, mzipandishe juu ya picha. Kila mwisho wa uchochoro simamisha watu wawili wenye vizibao vya kung'aa, na mmoja wao awe mwenyeji wa mtaa. Kata ikisemwa, mapanga yote yanaingia kwenye gunia mbele za watu, yanahesabiwa. Na usitoke bila kurekodi sekunde 30 za ukimya wa pale dukani, friji ikiwa inanguruma vile vile, maana utaihitaji kuziba mapengo.

Tarimbo
Damu ipo?

Njaa_ya_Fremu
Kidogo, mkononi. Tulitaka tomato.

Tarimbo
Tomato inaonekana tomato. Chemsha sukari vikombe viwili kwa maji kikombe kimoja, iache ipoe. Rangi nyekundu ya chakula vijiko viwili vya chai, bluu tone moja, kakao nusu kijiko iliyokorogwa kwanza na maji ya moto isitoe madonge. Kakao ndiyo inaifanya isipitishe mwanga. Chukua mashati mawili yanayofanana, hiyo rangi haitoki. Na ifunike, nzi wa Dar hawajui kama ni filamu.

Njaa_ya_Fremu
Jumamosi naifuta, nasogeza wiki mbili nifuate barua. Ila uchochoro sibadilishi, nimeutafuta sana. Swali la mwisho: sinia la plastiki litatosha?

Bi_Skripti
Alumini. Na umwambie wa sauti ashushe geini (ukali wa maiki) kwanza.