Krenki ya mashine ya 40 imenoki: nikarabati, ninunue mpya au mtumba?

NahodhaKunduchi
Salaam wakuu. Nina boti ya faiba ya dagaa, inasukumwa na Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, silinda mbili. Juzi alfajiri tukirudi kutoka upande wa kisiwa cha Mbudya mashine ilianza kugonga, ikaishiwa nguvu, halafu ikakamata. Ukivuta kamba haizunguki. Nimefungua hedi, kifuniko cha silinda: pistoni ya juu ni nzima, ya chini imejaa vishimo vidogo utosini. Fundi wa pwani kasema krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, imekwisha, basi.

Njia zilizo mbele yangu: kukarabati krenki hii hii kwenye karakana za mtaa wa Gerezani, Dar (konrodi yaani mkono wa pistoni, pini na beringi mpya), na kwa bei niliyotajiwa ni kama theluthi ya krenki mpya. Au ninunue mpya. Au nichukue ya mtumba kutoka kwenye mashine iliyochinjwa. Giza la mwezi linakaribia na vijana wananitegemea. Naomba mnisaidie kulinganisha.

MvuviMbweni
Pole nahodha. Chukua mtumba. Yangu ni ya mtumba na kila usiku iko baharini.

FundiKeko
Pole sana nahodha. Mimi nakuomba usitoe hata shilingi kabla hujajua krenki imekufa kwa ugonjwa gani. Ukifunga mpya na ugonjwa ukabaki ndani, utarudi hapa hapa kuuliza.

Hivyo vishimo kwenye pistoni vinasema jambo. Mashine ya tuu stroku kama yako haina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Petroli iliyochanganywa na oili inapita kwanza kwenye chumba cha krenki, inalainisha beringi, ndipo inapanda kwenye silinda. Kizimba cha beringi, kile kinachoshika gololi zake, kikivunjika, vipande vinapanda njia hiyo hiyo na kupondwa kati ya pistoni na hedi. Kwa hiyo beringi ya upande wa chini ndiyo iliyoanza, pistoni imeumia baadaye.

Sasa swali ni kwa nini ya chini. Mashine ya boti inasimama wima, na ncha ya chini ya krenki iko karibu na njia ya moshi na maji. Oili sili ya chini, pete inayoziba kuzunguka shafti, ikichoka, mvuke wa chumvi unaingia na beringi inaota kutu mashine ikiwa imepumzika tu. Hiyo ni sababu ya kwanza ninayoishuku. Ya pili ni oili kidogo kwenye petroli, lakini hiyo kwa kawaida ingechubua pistoni ubavuni, na wewe hukutaja michubuko. Pasua bloku, angalia rangi ya beringi. Kutu nyekundu ni maji. Chuma kilichogeuka bluu ni joto kwa kukosa oili.

NahodhaKunduchi
Ubavuni pistoni ni safi, fundi. Kesho napasua.

MamaBoti_Feri
Nahodha, nami nina boti tatu zinazoshusha samaki soko la Feri, kwa hiyo naongea kama mtu anayelipa bili. Ukilinganisha bei, weka na usiku ambao boti itakaa nchi kavu. Ukarabati wa bei rahisi ukirudi karakana mara ya pili katikati ya msimu, tayari umeshapita bei ya krenki mpya, na wavuvi wako wameshahamia boti nyingine. Mimi mtumba siugusi. Krenki ya mtumba ilitolewa kwenye mashine iliyokufa, na muuzaji hawezi kukuambia ilikufaje. Kuna iliyozama ikakaa majini.

MvuviMbweni
Dada, si kila mtu ana pesa ya mpya. Tuwe wakweli.

FundiKeko
Ni kweli, kaka. Mtumba si haramu, ila unaununua ukiwa na kipimo mkononi. Krenki hizi hazikutoka kwenye kipande kimoja cha chuma. Ni vipande vilivyoshindiliwa kwa presi, pini ndani ya tundu, vinashikana kwa kubanana tu. Mashine ikikamata ghafla au propela ikipiga mwamba, vipande vinaweza kuzunguka kwenye pini. Kwa macho huoni kitu. Ukiifunga, silinda moja inawaka nje ya wakati wake, mashine inatetemeka, na beringi mpya zinakwisha.

Mswahili_Oulu
Habari za nyumbani wakuu. Niko Finland, kazi yangu ni pikipiki za theluji, na krenki zetu za tuu stroku zimeundwa vile vile kwa presi. Hapa hatufungui injini kabla ya kupima. Unatoa flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye ncha ya krenki, unafunga geji ya saa (kipimo chenye mshale) kwenye bloku, ncha yake inagusa shafti, unazungusha polepole. Mshale ukicheza zaidi ya 0.05 mm, kwa injini nyingi tunasema imepinda, ingawa kitabu cha injini yenyewe ndicho kinachoamua. Yako imekamata, kwa hiyo utapima ikiwa imetolewa, juu ya vitalu vyenye mfuo wa V. Kuhusu kujisokota, yaani vipande kuzunguka kwenye pini, kwa injini ambayo bado inazunguka: kwenye silinda mbili kama hiyo pini zimetengana nyuzi 180. Tafuta kilele cha pistoni moja kwa geji kupitia tundu la plagi, zungusha nusu duara kamili, pistoni ya pili nayo iwe kileleni. Isipokuwa, krenki imejisokota.

Wanaotaka kasi huku huchomelea pini zisizunguke. Inasaidia, ila lazima krenki inyooshwe kwanza.

FundiKeko
Asante ndugu. Kwa boti ya kazi mimi sichomelei. Ukichomelea, mwenye kuja kubadilisha konrodi kesho hana pa kuanzia.

Nahodha, ukienda Gerezani usiulize bei kwanza. Muulize fundi akuonyeshe geji yake na jinsi atakavyoinyoosha krenki baada ya kuishindilia. Mwenye presi peke yake, anayenyoosha kwa nyundo na jicho, mshukuru uondoke.

NahodhaKunduchi
Wakuu, nimepasua. Beringi ya chini ni kutu tupu, kizimba kimesagika. Beringi za juu nzima. Nimepata fundi mwenye geji Gerezani: juu mshale unacheza 0.03. Lakini chini, pale midomo ya oili sili inapokaa, shafti imelika, ukucha unanasa. Na pale beringi inapokaa pameanza kuwa na vishimo vya kutu.

MvuviMbweni
Si avishe bushi tu, pete ya chuma, hapo palipolika?

FundiKeko
Mahali pa sili bushi nyembamba inawezekana, kaka. Mahali pa beringi hapana. Beringi ikicheza kwenye shafti, ukarabati wote umekwenda. Zingekuwa zimekwisha konrodi na pini tu, ningekuambia karabati bila wasiwasi. Kwa ulivyoeleza, nachagua mpya. Au mtumba uliopimwa na fundi huyo huyo mbele yako, kama pesa haitoshi.

NahodhaKunduchi
Nimeelewa. Nimeongea na mwenzangu wa boti, tunachanga, tunachukua mpya.

MamaBoti_Feri
Hongera. Nunua na sili zote siku hiyo hiyo, usirudishe za zamani.

FundiKeko
Na pistoni ya chini badilisha. Osha bloku na njia zote kwa petroli hadi usione hata chembe inayong'aa, maana kipande kimoja kilichobaki kinaua beringi mpya. Paka oili beringi na midomo ya sili kabla ya kufunga. Tumia oili ya TC-W3, ya mashine za boti, usitumie ya pikipiki. Saa 10 za kwanza changanya 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20 za petroli, na usiivute kasi kamili kwa muda mrefu. Baada ya hapo rudi 50 kwa 1, mililita 400 kwa lita hizo hizo 20.