Mrejesho: Clomid iligoma kwangu
Wapendwa, ni yule niliyeuliza kama ninunue Clomid, dawa ya kupevusha mayai ili nishike mimba, maana siku zangu zilikuwa zinakuja kila baada ya miezi mitatu. Asanteni sana hasa mlionizuia kumeza kienyeji. Nikaenda kwa daktari wa akina mama, utrasaundi ikaonyesha PCOS (homoni kuvurugika, ovari zinakuwa na vifuko vingi vidogo na mayai hayapevuki vizuri), mume naye akapimwa mbegu yuko sawa (kumshawishi sasa, mweh!). Nikapewa Clomid miligramu 50 siku ya 2 mpaka ya 6 ya mzunguko, mizunguko miwili yai halikupevuka, nikaambulia joto la ghafla na hasira tu. Akanibadilishia letrozoli miligramu 2.5, nayo ya kupevusha mayai, siku ya 12 kikaonekana kifuko kimoja cha yai milimita 19. Mimba bado, ila nimebleed (hedhi) siku ya 29, haijawahi kutokea! Mwezi huu tunarudia.