Naomba ushauri: kiwambo, skrini au kioo?

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninaandaa mwongozo mfupi kwa wanafunzi wangu wa ufundi wa simu na kompyuta hapa Moshi, nami nimekwama kwenye istilahi. Mafundi wa mjini huita tabaka linalohisi kidole "tachi" na sehemu inayoonyesha picha "kioo", ilhali kifuniko cha juu kabisa nacho ni "kioo". Wiki iliyopita nilimtuma mwanafunzi dukani akanunue kioo, akarudi na kile kifuniko kitupu, wakati kilichokufa ni cha picha. Nimejaribu "kiwambo", neno ninalolipenda kwa kuwa linatukumbusha ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, lakini wanafunzi wanalitumia kwa monita nzima pamoja na kasha lake.

Je, nikiliacha "kiwambo" kwa uso wa picha pekee, nitaeleweka? Pili, skrini za kugusa zinazohitaji kubonyezwa hadi matabaka mawili yakutane, na zile zinazohisi badiliko la umeme kidole kinapozigusa, nizitofautishe kwa maneno gani mafupi? Nimefikia "za mkandamizo" na "za chaji", ila hilo la pili linanitia shaka, maana mwanafunzi atadhani nazungumzia betri.