Naomba ushauri: nasali lakini moyo umekauka

Bwana asifiwe wapendwa. Imani sijaiacha, ila ndani nahisi utupu. Nikipiga magoti, maneno yananiishia kwenye "Baba yetu", na kwaya ikiimba nachezesha midomo tu. Siku hizi narudia 1 Wafalme 19, nabii Eliya alipojiombea kufa chini ya mti wa mretemu. Kinachonigusa sana ni kwamba malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akala, akalala tena. Sasa nimebaki njia panda: nipumzike kwanza, au nifunge na kuomba zaidi? Mliopitia hali hii, mlimwendea nani kwanza, mchungaji au rafiki wa kuomba naye? Na mliombaje siku ambazo hamkuhisi chochote kabisa?