MJADALA: Mtoto ana mwanya, mzazi ana haki ya kuuziba?

Mpita Njia (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna ubishi umewaka kwenye kundi letu la ukoo, nimeona niulete huku tuuchambue. Binamu yangu ana binti wa miaka minane. Meno ya mbele ya juu yameshaota, makubwa, na katikati pana mwanya unaopitisha njiti ya kiberiti. Mama mtu ameagiza mtandaoni vile vipira vidogo vya kuvalisha meno mawili ili yasogeleane. Shangazi zake wa Pangani wamekuja juu: mwanya ni urembo, wenzio wanautafuta kwa tupa, wewe unauziba? Baba mtu kanyamaza, anasubiri kutajiwa bei.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwanya wa mtoto si wa mama wala wa shangazi. Usiguswe, si kuzibwa wala kupanuliwa, mpaka meno yamalize kujipanga na mwenyewe awe na la kusema.

Kwanza, umri. Kati ya miaka 7 na 12 hivi, watoto wengi meno yao ya mbele ya juu huachana na kulalia nje. Chonge bado ziko ndani ya taya, zinashuka huku zikibana mizizi ya meno ya jirani. Zikishatoka, kwenye miaka 11 au 12, mara nyingi mwanya hupungua au hujifunga wenyewe. Mama mtu analalamika pia kwamba meno yameota na kingo za msumeno. Vile vinundu vitatu vitatu ndivyo jino jipya lilivyo, vitasagika kwa kutafuna.

Pili, nani kasema kuna umbo moja tu la jino la mbele? Wapo wenye meno mapana, wapo ambao jino la pembeni limetoka dogo lenye ncha, wengine halikuota kabisa. Watu wengi wa Asia Mashariki na wenyeji wa asili wa Marekani wana meno ya mbele yaliyobonyea kwa nyuma mfano wa sepetu, na hilo linahusishwa na aina fulani ya jeni (chembe ya urithi) iitwayo EDAR, hiyohiyo inayofanya nywele zao kuwa nene. Hakuna anayewapeleka hospitali kwa sababu hiyo. Mbona mwanya uitwe ugonjwa?

Karibuni, ila matusi hapana.

Mama Wawili

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuitwa "geti la Ubungo". Mimi nimeitwa hivyo kuanzia darasa la tatu mpaka namaliza shule. Nikajifunza kucheka nimeziba mdomo kwa kiganja, na mpaka leo mkono huwa unapanda wenyewe nisipouangalia. Nilipoanza kazi, pesa ya kwanza ya maana ilienda kwa daktari wa meno. Akanijazia pembeni mwa meno yote mawili kwa ile dawa yenye rangi ya jino, asubuhi moja tu, nikatoka nimefunga mwanya. Hiyo dawa inamomonyoka kidogo mara mojamoja, narudi anaiweka sawa. Sijuti.

Uzuri wa mwanya mnausifu ninyi mnaoutazama. Mwenye nao hamumuulizi. Sasa mnataka binti wa watu azomewe miaka minne akisubiri chonge?

Kijana wa Chumbageni

Dada pole kwa yaliyokupata, lakini waliokuzomea ndio wenye tatizo. Huku kwetu Tanga mwanya ni sifa ya posa! Lauren Hutton, mwanamitindo wa Marekani, alianza kazi akiziba mwanya wake kwa nta kila akipigwa picha. Baadaye akachoka, akauacha, na mwaka 1973 kampuni ya vipodozi ya Revlon ikamsainisha mkataba mnono na mwanya wake uleule.

Halafu hili la "haki ya mtoto" tusilikuze. Waafrika tumeyashughulikia meno ya mbele toka enzi. Wamakonde walichonga. Wajaluo waling'oa sita ya chini, Wamasai mawili ya chini, na waliong'olewa walikuwa watoto na vijana, hakuna aliyepewa fomu ya kujaza. Leo hii mtoto wa kike anatobolewa masikio kabla hajajua kukaa, wote tunapiga vigelegele. Mbona kwenye meno ndipo tunapokuwa wanasheria?

Mama Wawili

Huyo Hutton alilipwa kwa mwanya wake. Mimi nilizomewa bure.

Fundi Meno

Shikamooni wakubwa. Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno, nachangia kwa yale ninayoyaona kila siku. Kuhusu urembo sina neno, kila mtu na macho yake. Ila vile vipira, mleta mada, mwambie binamu yako avitupe LEO.

Jino la mbele linazidi kuwa jembamba kadiri linavyoingia kwenye ufizi. Kipira kinachobana kikivalishwa kinateleza kuelekea kule kwembamba, kinazama chini ya ufizi. Hukioni tena. Mzazi anadhani kimekatika usiku, anavalisha kingine. Kile cha kwanza kinaendelea kupanda kwenye mzizi, kinakula mfupa unaolishikilia jino. Ufizi unavimba, unatoa usaha, meno yanalegea na kurefuka. Wapo waliopoteza meno yote mawili ya mbele, meno mazima yasiyo na tundu hata moja. Hapo ulikuwa na mwanya, sasa una pengo.

La pili. Mwanya una sababu nyingi, na kwa macho tu huwezi kuzitenganisha. Pengine ni urithi: taya pana, meno madogo. Pengine kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimeshuka mpaka katikati ya meno. Pengine kuna jino la ziada limejificha juu kwenye mfupa, linayazuia yasikutane, na hilo linaonekana kwenye eksirei tu. Pengine mtoto ananyonya kidole. Kwa hiyo "uachwe" ya mleta mada nakubaliana nayo kwa masharti: mtoto apelekwe akaangaliwe mara moja, ndipo aachwe.

Na wewe mtu mzima ambaye hukuwa na mwanya, ghafla miaka arobaini mwanya umeanza kujitokeza? Usifurahie urembo wa bure. Mara nyingi ni ugonjwa wa fizi, mfupa unapungua na meno yanatawanyika.

Chumbageni, hoja ya masikio haishikiki. Tundu la sikio ukiliacha linaweza kuziba. Ganda gumu la jino likishakwanguliwa na tupa halioti tena maisha. Hao wanaochongesha mwanya wanarudi kwetu wakilia na maji baridi.

Mama Wawili

Daktari, hicho kijinyama si kikatwe tu mapema yaishe?

Fundi Meno

Si daktari, dada, mimi msaidizi tu. Kwa kawaida wanasubiri chonge zitoke na meno yasogezwe kwanza kwa nyaya, ndipo kinakatwa kama bado kinahitaji. Ukikata mapema, kovu linaweza kukaa palepale katikati na kuyazuia meno yasikutane. Na hata nyaya zenyewe zikitolewa, mwanya unapenda kurudi. Wengi wanabandikwa kiwaya chembamba nyuma ya meno, wanakaa nacho miaka na miaka. Mzazi anayesema "nataka aufunge kabla ya sikukuu" ajue anaingia kwenye jambo la muda mrefu.

Mpita Njia

Asante Fundi. Nalegeza kwenye kuangaliwa. Kulegeza kwingine bado.

Chumbageni, kwamba wazee walifanya haina maana kila kilichofanywa kina hoja leo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa kwetu inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa haki ya kutoa maoni yake kwenye mambo yanayomhusu. Shangazi wa Pangani na mama mtu wote wawili wamebishana wiki nzima juu ya mdomo wa binti, na sijaona hata ujumbe mmoja unaosema binti mwenyewe katamka nini. Nilipouliza nikajibiwa "huyo bado mdogo".

Mama Wawili, lako ndilo gumu kuliko yote. Lakini angalia: wewe ulijiamulia, kwa pesa yako, kwa njia isiyokwangua jino zima. Huyu binti akifika miaka 13, chonge zimeshatoka, mwanya bado upo na unamkera, akasema "baba nipeleke", mimi mwenyewe nitachangia. Kuzomewa shuleni kwa sasa ni kazi ya mwalimu na mzazi kukukomesha. Hatuwezi kumfunga mtoto mpira mdomoni kwa sababu wenzake hawana adabu.

Vipira vimeshafika, nimeambiwa viko kwenye droo ya kabati. Nimeupeleka mchango wa Fundi kule kwenye kundi la ukoo kama ulivyo. Anayetaka kumtetea mama mtu aje, ila aanze na hilo la kipira kuzama kwenye ufizi.